Kiti Kilichorudishwa Mara Tatu

Mwezi wa kwanza walikuja akina mama 18. Mwezi wa pili wakaja 7. Kufikia mwezi wa nne nilikuwa nafungua mlango wa kituo saa mbili asubuhi, natandika magodoro ya mazoezi, napanga midoli ya rangi kwenye rafu, kisha tunakaa mimi na mtaalamu wa mazoezi tiba tukisikiliza daladala zinavyopita Barabara ya Kilwa. Saa nane tunakunja magodoro, tunafunga. Kuna siku alikuja mama mmoja. Siku nyingi hakuja mtu.

Ilikuwa mwaka 2018, Mbagala, Dar es Salaam. Mimi ni ofisa ustawi wa jamii, na wakati huo nilipewa jukumu la kusimamia mradi wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Kwa asiyeufahamu, ni hali inayotokana na ubongo wa mtoto kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya uhai wake. Mtoto akikosa hewa kwa sababu uchungu umechukua muda mrefu mno, akizaliwa njiti, akipata manjano makali yasiyotibiwa, au akiugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, sehemu ya ubongo inayoongoza misuli inaweza kuharibika. Wengine miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, wengine mwili unalegea na shingo haishiki. Hali hii haiambukizi, wala hakuna dawa ya kuiondoa, lakini mtoto akisaidiwa mapema kukaa, kula na kunyoosha viungo, maisha yake yanabadilika sana. Kituo chetu kilijengwa kwa ajili hiyo. Kilikuwa na choo kinachoingilika kwa kiti cha magurudumu, feni mbili, na kibao cha bluu nje.

Kwenye ripoti ya robo mwaka niliandika hivi: "Mahudhurio ni hafifu kutokana na mwamko mdogo wa wazazi." Naikumbuka neno kwa neno kwa sababu katika yote niliyowahi kuandika kazini, hiyo ndiyo sentensi ninayoijutia zaidi.

Andiko la mradi lilisema jamii ilishirikishwa, na kwa kipimo cha makaratasi ilikuwa kweli. Tulifanya mkutano wa siku moja katika ofisi ya serikali ya mtaa. Kulikuwa na bango kitita, soda, posho ya nauli, na karatasi ya mahudhurio yenye sahihi na alama za dole gumba. Tuliwauliza akina mama kama wangependa kituo chenye mtaalamu na vifaa. Wakasema ndiyo. Nani angesema hapana? Lakini mahali, siku, saa na kazi ya kituo vilikuwa vimeshapangwa mezani miezi mitatu kabla. Baadaye nilikuja kulitafakari neno lenyewe. Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe. Kushirikisha ni tendo la mwingine, anayekushika mkono na kukuingiza katika jambo lake. Sisi tulishirikisha. Na hao tulioshirikisha tukawaita walengwa, jina la mtu aliyesimama mahali akisubiri kufikiwa na kitu kilichorushwa na mwingine.

Wala siwezi kusema sikujua. Kabatini kwangu nilikuwa na nakala ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lile linalosema watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma za afya zao. Nilikuwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na ndani yake, kwenye Ibara ya 4, serikali zinatakiwa kushauriana kwa karibu na watu wenye ulemavu, watoto wakiwemo, katika maamuzi yanayowahusu. Nilikuwa nimesoma semina nzima ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, mbinu ya kupanga mipango kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji. Yote nilikuwa nayo. Kitu ambacho sikuwa nimefanya ni kupanda daladala na mtoto mgongoni.

Kulikuwa na mama mmoja aliyehudhuria mara tatu kisha akapotea. Nilimfuata kwake, kule ndani mbali na lami, alikopanga chumba kimoja na kuuza mihogo ya kukaanga mbele ya nyumba. Nikamuuliza kwa nini ameacha. "Nilibanwa tu, dada," akasema, akageuza mihogo kwenye karai. Hilo si jibu, ni adabu. Mtu wa ofisini akikuuliza swali la namna hiyo, unampa jibu litakaloondoka naye salama. Nikamwomba jambo jingine: Jumanne nije kwake alfajiri, twende wote mpaka kituoni.

Nilifika saa kumi na mbili kasoro, nikamkuta ameshaamka tangu saa kumi. Mtoto wake alikuwa na miaka 7. Alimfunga mgongoni kwa khanga mbili, kwa kuwa moja haitoshi. Mtoto mwingine wa kubebwa hukukumbatia kiuno kwa miguu, naye anakusaidia kumbeba. Huyu miguu yake ilikuwa imenyooka kama mti, kwa hiyo kila baada ya hatua kadhaa alikuwa anateleza, mama anainama, anamrusha juu, anakaza khanga, anaendelea. Mchangani tulitembea zaidi ya nusu saa. Kituo cha daladala konda wa kwanza akasema, "Mama, mgonjwa mpandishe bajaji." Wa pili alitutazama, akagonga bodi, gari ikaondoka. Wa tatu alitupakia lakini akadai nauli ya mtoto, kwa sababu miguu yake ilizuia njia. Tukabadilisha gari. Tulipofika kituoni ilikuwa saa nne kasorobo. Mazoezi yalichukua dakika 25. Kurudi ikawa saa nane mchana, na mihogo ya asubuhi haikukaangwa.

Jioni ile alinipigia hesabu akichora mchangani kwa kijiti. Nauli 400, mama na mtoto, gari mbili, kwenda na kurudi: shilingi 3,200. Faida aliyoikosa asubuhi ile: shilingi 7,000. "Dada, mnasema huduma ni bure," akaniambia. "Mimi nailipia elfu kumi na mia mbili kila nikija."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananieleza kama unavyomweleza mtoto bei ya kitu. Mama huyu ameamka saa kumi alfajiri, na mimi ndiye niliyeandika mwamko mdogo.

Tulimwomba msimamizi wetu atupe miezi mitatu bila mpango. Aliuliza swali la haki kabisa: tutaandika nini kwenye ripoti? Tukasema tutaandika tunayosikia. Alikubali kwa shingo upande, na nitamshukuru siku zote kwa hilo.

Jambo la kwanza tuliloliacha mikononi mwa akina mama lilikuwa saa. Walichagua saa tisa alasiri, wakati biashara za asubuhi zimeisha na za jioni hazijaanza. Mahali wakachagua uwanja wa bibi mmoja anayelea mjukuu wake, chini ya mwarobaini. Siku ya kwanza walikuja 9. Nilimwamkia bibi, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, kisha akasema, "Leo sisi tunaongea, wewe kaa." Nikakaa. Nilikuwa na daftari, na kwa muda mrefu sikuandika kitu, kwa sababu nilikuwa nasubiri wafike kwenye mazoezi. Hawakufika huko kabisa. Waliongea habari za mgongo unaouma. Za mwenye nyumba anayelalamikia harufu ya mikojo. Za mume aliyeondoka akisema kwenye ukoo wao hakuna mtoto wa namna hii. Za kulala kwa zamu ya nusu saa nusu saa. Kisha mama wa mihogo akasema neno lililonishtua: "Mimi nataka mahali pa kumweka."

Kumweka. Niliposikia nilijikunja moyoni. Mtoto si sufuria. Karibu nimrekebishe, maana tulikuwa tumefundishwa lugha ya kuheshimu utu wa mtu mwenye ulemavu. Mtaalamu wa mazoezi akaniwahi kwa kuuliza: "Sasa hivi unamweka wapi?" Akatueleza. Kwenye mkeka, chali, tangu anapowasha jiko mpaka anapomaliza kuuza. Anatazama bati. Analishwa akiwa amelala mapajani, anapaliwa, anakohoa, uji unatokea puani. Kila masika kifua kinabana, na mara mbili amelazwa. Mtaalamu akanitazama. Mtoto anayelishwa chali chakula huingia kwenye njia ya hewa, kikafika mapafuni, na nimonia ya namna hiyo huua watoto wengi wenye mtindio wa ubongo. Sisi tulikuwa na magodoro ya mazoezi ya misuli, na mama alikuwa anatuambia, kwa maneno yake, kwamba mtoto wake anahitaji kukaa wima ili asife.

Kwa hiyo tukaanza na kiti.

Upo ufundi wa kutengeneza viti kwa maboksi na karatasi, bila mbao wala chuma. Unatandaza boksi juu ya boksi, kila moja mifereji yake ya ndani ikielekea upande tofauti na ya lililotangulia, unaunganisha kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji, unakandamiza kwa mawe, unaanika. Likikauka unalikata kwa msumeno kama ubao. Kisha unafunika kote kwa vipande vya magazeti na kupaka rangi. Mtu mzima anaweza kukikalia. Vipimo unachukua kwa kamba: kutoka nyuma ya kiuno mpaka kukunjo la goti, kutoka goti mpaka kisigino, upana wa nyonga, urefu wa mgongo mpaka kwapani. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikae kwenye pembe mraba, mkanda ushike kiuno, na miguu isining'inie hata kidogo. Mtoto ambaye miguu yake inapishana kama mkasi, ukimkalisha hivyo, mara nyingi unaona mwili mzima unalegea kidogo kidogo, na kichwa kinapata nafasi ya kusimama.

Cha kwanza kilikuwa cha yule mtoto wa miaka 7. Mtaalamu alikitengeneza vizuri, kwa kimo cha meza ya kulia. Baada ya wiki mama akakirudisha.

"Kirefu," akasema.

Tukamwonyesha vipimo: goti sawa, nyonga sawa. Akasema hajakataa goti. Akaketi kwenye kigoda chake, akaweka jiko la kufikirika mbele yake, akageuka kama anamlisha mtu. Mkono wake ulipanda juu ya kichwa chake. "Mimi napika nimekaa chini. Nikitaka kumlisha nisimame, chakula kinaungua. Nikimtazama namwona miguu." Nyumba zetu nyingi mama anaishi kimo cha kigoda, na kiti chetu kilikuwa kimepimwa kwa ajili ya nyumba yenye meza. Tukakishusha, mpaka macho ya mtoto yakawa sambamba na macho ya mama akiwa ameketi.

Kikarudi mara ya pili. Meza yake ndogo ya mbele ilikuwa laini na tambarare, na mkono wa mtoto huruka wenyewe, kwa hiyo bakuli lilikuwa linakwenda chini kila mlo. Akina mama ndio waliotoa dawa: zungusha ukingo, kata tundu la duara, bakuli likae ndani ya tundu kama sufuria inavyokaa kwenye figa. Mara ya tatu kilirudi kimeliwa. Mende na panya walikuwa wanaona unga wa ngano, hawaoni kiti, na maji ya mvua yaliyoingia chumbani yalikuwa yamelainisha nyayo zake. Bibi akatuagiza tuchemshe majani ya mwarobaini na maji hayohayo ndiyo yapikie gundi. Baba mmoja, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa anasimama mbali kwenye ua, akaleta vipande vya tairi kuukuu akavipigilia chini kama soli. Kiti cha nne ndicho kilichokaa, na tangu hapo ndivyo tunavyotengeneza.

Nimekaa sana kwenye kiti kwa sababu humo ndimo nilimojifunzia kazi. Kila kilipokuwa kinarudi, mtaalamu na mimi tulihisi kushindwa. Kumbe kilichokuwa kinatokea ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anatuamini kiasi cha kutuambia kitu chetu hakifai. Akina mama 18 wa mwezi wa kwanza nao waliona kituo hakifai. Hao hawakurudisha kitu, waliacha tu kuja.

Kuhusu kulisha nako nilikuta wanajua zaidi ya vipeperushi vyangu. Mama wawili, ambao hawakuwa wakifahamiana, walikuwa wamegundua kwamba mtoto hupaliwa na maji na chai lakini hapaliwi na uji mzito, wakawa wanaponda ndizi mbivu ndani ya uji. Mtaalamu akasema ndivyo ilivyo: kimiminika chepesi hukimbia kooni kabla mtoto hajajiandaa kumeza. Alichoongeza yeye ni kidevu kuelekea chini kidogo, na kijiko kuja kwa mbele kikiwa chini ya kimo cha macho, maana kikitokea juu mtoto huinua kichwa na koo linafunguka vibaya. Tukaunganisha ya kwao na ya kwetu.

Siwezi kuandika haya kana kwamba akina mama walikuwa sahihi kwa kila jambo. Mwezi wa tano wa kukutana kwa bibi akajiunga mama mwenye binti wa miaka 9 aliyekuwa na mtindio wa ubongo na kifafa pia. Siku yake ya pili kifafa kilimkuta palepale mkekani. Wengine walinyakua watoto wao wakarudi nyuma, mpaka pakabaki duara tupu, katikati mama na binti yake. Wengi wanaamini povu la kifafa huambukiza. Wiki iliyofuata katibu wa kikundi alinivuta pembeni, kwa upole kabisa, akasema, "Dada, tumekubaliana yule mwenzetu awe anafuatwa nyumbani."

Tumekubaliana. Miezi yote nilikuwa nawaambia uamuzi ni wao, na sasa walikuwa wameamua. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake niliwaambia wote, yule mama akiwepo, kwamba saa, mahali, kiti, uji, zamu na fedha watapanga wao, lakini mtoto gani ana haki ya kuja si jambo la kupigiwa kura. Palikuwa kimya. Mama wawili waliondoka, na mmoja hajarudi mpaka leo. Mtaalamu akafundisha la kufanya: mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, usimkandamize, usimtie kijiko mdomoni, angalia saa, na kifafa kikizidi dakika tano akimbizwe hospitali. Walisikiliza kwa heshima tu, mioyo bado iko nyuma. Kilichowageuza ni bibi. Alisema mjukuu wake alikuwa anapata degedege tangu ana mwaka mmoja, na povu lake amelifuta kwa khanga hii anayojifunga, kisha akajifungua upindo wa khanga akawaonyesha. "Ningekuwa nimeshaanguka mara ngapi?"

Hapo nilielewa mpaka wa kazi yangu. Jamii ina maarifa, na ina hofu zake pia, na vyote viwili hukaa kwenye mkeka mmoja. Ofisa anayejificha nyuma ya "wameamua wenyewe" wakati mnyonge zaidi anasukumwa nje anakimbia wajibu wake, hata akijiita shirikishi.

Kosa jingine lilikuwa la kwangu. Nilidhani nikiwasikiliza akina mama nimewasikiliza wote. Nyuma ya mkutano alikuwa anakaa binti wa miaka 12, kamshika mdogo wake. Siku moja nilimuuliza mama yao mtoto hulalia upande gani, mama akasita, na yule binti ndiye akajibu: ubavu wa kulia, mto katikati ya magoti, akiwekewa wa kushoto analia. Alijua kila kitu. Nilipomuuliza yuko darasa la ngapi akasema la tano, na kwamba shule anakwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumanne na Alhamisi mama yake alikuwa anafua nguo za watu. Mama akainamisha uso. Kwenye fomu zetu zote hapakuwa na swali linalomhusu mtu huyo, na yeye ndiye aliyekuwa anatoa huduma kwa saa nyingi kuliko sisi sote.

Kutokana naye ndipo ilipozaliwa zamu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo huduma hasa, na viti ni vya kuisaidia. Akina mama walipanga kwamba Jumanne na Alhamisi, saa moja asubuhi mpaka saa nane, wawili kati yao wabaki na watoto wasiozidi watano kwa bibi, na wengine waende kwenye riziki zao. Wakibadilishana, kila mmoja anapata asubuhi zake za kutafuta riziki. Mtaalamu anakuja hukohuko Alhamisi, anawakuta watoto wamekaa vitini, wameshiba, na mazoezi yanafanyika katika kucheza na kulishwa. Yule binti akaanza kwenda shule siku zote tano.

Kilichokuwa kigumu kilikuwa ofisini. Kulikuwa na kasma, yaani fungu la bajeti, ya mafunzo, kasma ya vifaa na kasma ya mafuta ya gari. Hapakuwa na kasma ya uji, wala ya kumlipa mama anayelea watoto watano asubuhi nzima. Tuliambiwa wazazi wajitolee, watoto ni wao. Hapo nilibishana kuliko nilivyowahi kubishana kazini, kwa sababu mtaalamu analipwa, mimi nalipwa, mlinzi wa kituo kitupu alikuwa analipwa, na anayeombwa kujitolea ni mwenye kipato kidogo kuliko wote. Ilichukua miezi miwili. Mwishowe shilingi 5,000 kwa siku kwa kila aliye zamu zikapatikana kwa kupunguza siku za kufungua kituo. Jengo likawa karakana ya viti. Feni zinakausha gundi wakati wa masika.

Niliwaletea pia habari za mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nilifikiri wataruka kwa furaha. Walikaa wakapiga hesabu, wakakataa kwa mwaka ule: marejesho ya kila mwezi yangewalazimisha kufanya biashara hata siku zao za zamu, na zamu ingekufa. Wakaanzisha kibubu chao wenyewe cha shilingi 1,000 kwa wiki. Zamani ningeandika kwamba kikundi hakina uthubutu.

Rafiki yangu aliyefanya kazi Nairobi, kule kwenye mtaa wa mabanda wa Mukuru, alinisimulia kwamba kaunti ilipolitangaza eneo lile kuwa la mipango maalumu mwezi Agosti 2017, lenye kaya kama 100,000, hawakutegemea mikutano ya hadhara. Wakazi walijipanga kuanzia kaya kumi kumi, maoni yakapanda kutoka huko. Nilipomsikia nilikumbuka mabalozi wetu wa nyumba kumi kumi. Kwenye mkutano wa hadhara wa watu mia mbili, mama wa mihogo angesema amebanwa tu. Maneno aliyoyasema aliyasema mchangani, kwa mtu aliyekuwa amekaa naye gari moja.

Mwaka jana tulikuwa tunampimia kiti binti mwingine, ana miaka 10, haongei. Akitaka kusema ndiyo anainua macho juu. Mama yake alitufundisha hivyo. Tulipomaliza vipimo tukaanza kujadiliana kiti kitakaa wapi chumbani: mama anataka karibu na kitanda, mtaalamu anataka mbali na jiko, mimi nikawa katikati. Bibi, ambaye siku hizi haoni vizuri lakini hakosi, akauliza, "Mwenyewe kasemaje?"

Tukanyamaza. Miaka yote hiyo ya kuwauliza mama, bibi na dada, hakuna kati yetu aliyekuwa amemuuliza mtoto mwenyewe. Mama akachuchumaa mbele yake. Hapa karibu na kitanda? Macho yakabaki palepale. Hapa ukutani? Palepale. Dirishani? Binti akakunja uso. Mama akafikiri, akanyoosha mkono: mlangoni?

Macho yakapanda juu, na mwili mzima ukapanda nayo.

"Mlangoni kuna vumbi," mama akamwambia. Macho yakapanda tena. Kiti kilipokamilika, wiki mbili baadaye, tulikiweka pale kizingitini, ukingo wa meza ukigusa mwanga wa nje. Muuza maji akapita na mkokoteni, akamwona, akamsalimia.